Shuka Kidogo, Muzee

Katikati ya mlima motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aligeuza shingo nusu, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni asogee kidogo mkekani: "Muzee, shuka kidogo."

Nikashuka. Gunia la maharage lililofungwa nyuma yangu kwa mipira ya tyubu lilibaki palepale. Lenyewe lilikuwa limelipiwa nauli na halina miguu. Boxer nyekundu, iliyochubuka tangi, ikanguruma ikapanda bila mimi. Nikaifuata kwa miguu, begi mgongoni, kushoto migomba, kulia mibuni, chini udongo mwekundu wa Gasorwe, Burundi, ambao ukishaingia kwenye soksi hautoki kwa ndoo moja ya maji. Juu alinisubiri bila kuzima injini. Nilipofika nikihema, akaninyooshea kiti kwa kiganja: karibu tena. Safari ile nilishushwa mara tatu.

Ingekuwa siku nyingine ningenuna. Lakini nilikuwa natembea na hesabu kichwani, na pale mlimani ndipo hesabu ilipoanza kunigeuka.

Hesabu hiyo nilipewa na mpwa wangu. Anaishi Melbourne, Australia, na mwaka huu kashikwa na wazimu wa pikipiki. Aliposikia naelekea Burundi alinitumia ujumbe mrefu akinieleza jinsi nchi ile inavyomchagulia mwanafunzi chombo cha kujifunzia, akataka nimwandikie huko Afrika mambo yakoje. Huko Afrika! Mtoto kazaliwa Ngamiani, Tanga, kaondoka ana ndevu tayari.

Kanuni yenyewe naieleza kama nilivyoielewa. Zamani wenzetu walipima injini tu. New Zealand, hadi 2012, mwanafunzi aliruhusiwa pikipiki yoyote isiyozidi cc 250. Ikaonekana sheria ina tundu. Kulikuwa na pikipiki za kuchanganya petroli na oili, kama Suzuki RGV250 na Aprilia RS250, ambazo kwa cc zilikuwa za mwanafunzi na kwa tabia zilikuwa za mashindano: nguvu-farasi zaidi ya 50 kwenye chombo cha kilo 140 hivi. Boxer 150 tunayoijua ina farasi 12. Na wakati huohuo pikipiki nzito, pole, ya cc 400 au 500, ambayo bibi yako angeipanda kwenda sokoni, ilikuwa haramu kwa mwanafunzi. Uingereza nako walikuwa wamepitia shida ya namna hiyo mapema zaidi. Mwanafunzi wao aliruhusiwa cc 250, mpaka Suzuki ilipotoa GT250 X7 mwaka 1978 na kuitangaza kuwa inafikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Ilipofika 1983 wakashusha kikomo hadi cc 125.

Australia na New Zealand zilitafuta njia nyingine. Chukua nguvu ya injini kwa kilowati, igawe kwa uzito. Jibu lisizidi kilowati 150 kwa kila tani, na injini isizidi cc 660. New Zealand ilianza kuitumia Oktoba 2012. Viwanda navyo vikafuata: Yamaha MT-07 ya kawaida ina cc 689, lakini ya wanafunzi wa Australia imetengenezwa na cc 655, imefinywa pumzi kidogo ili ipite mlangoni. Hiyo ndiyo aliyoikodolea macho mpwa wangu.

Ulaya nao wana yao, iliyoanza kutumika Januari 2013. Daraja A1, la kijana: cc 125, kilowati 11, na nguvu isiyozidi kilowati 0.1 kwa kila kilo ya pikipiki. Daraja A2: kilowati 35, na 0.2 kwa kilo. Tena wameweka kifungu cha kuziba ujanja: pikipiki iliyopunguzwa nguvu isiwe imetokana na mnyama mwenye nguvu zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Jambo moja dogo katika ujumbe wa mpwa nililipitia haraka nikiwa basini, na sikulitilia maanani mpaka Gasorwe. Ulaya hupima uzito wa pikipiki peke yake, utadhani inajiendesha. Australia huongeza kilo 90 za mpandaji, yeye na kofia yake na koti lake. Yaani huko kuna mtu juu ya pikipiki. Mmoja.

Kobero

Tuliingia Burundi kwa mpaka wa Kabanga na Kobero. Upande wa Tanzania unaendesha kushoto, upande wa Burundi kulia, na kwa mtu aliyezoea kuangalia kulia kwanza kabla ya kuvuka barabara, dakika kumi za mwanzo ni za kumwomba Mungu. Niliona bodaboda wa Kabanga akivuka: hakupunguza mwendo wala kushangaa, alihama tu upande kama mtu anayehamisha mwamvuli mkono mmoja hadi mwingine.

Nikiwa kwenye foleni nilitoa leseni yangu nikaisoma vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu nilipoipata. Sisi Tanzania hatuna hesabu ya kugawanya. Tuna namba mbili zilizosimama kila moja kivyake: cc 125 na kilo 230. Pikipiki iliyo juu ya hapo, iwe na kitoroli cha pembeni au isiwe nacho, ni daraja A. Iliyo chini ya hapo na isiyo na kitoroli ni A1. Bajaji ina A2 yake, na vipikipiki visivyozidi cc 50 vina A3.

Kilo 230 inanichekesha. Sijaona barabarani kwetu pikipiki ya cc 125 inayofika uzito huo, labda uipime na mpandaji, mkewe na mtungi wa gesi. Lakini cc 125 si kichekesho. Boxer na TVS zinazobeba watu kutoka Tanga hadi Tunduma ni za cc 100, 125 na 150. Kwa maandishi, kijana mwenye A1 akihama kutoka ya 125 kwenda ya 150 amehama daraja. Kwa mikono yake hajahama kitu: klachi ileile, gia zilezile, breki zilezile, farasi mbili zaidi. Ukimpelekea mtahini wa Ulaya Boxer 150, yenye kilowati karibu 9 na kilo kama 120, atapata 0.075, chini kabisa ya kikomo cha kijana wa A1, kisha ataikataa kwa sababu ya zile cc zilizozidi. Mtahini wa Melbourne ataongeza kilo zake 90, atapata kilowati 43 kwa tani, naye atakuuliza mbona umemsumbua.

Kwa sheria zao zote za nguvu, basi, karibu kila bodaboda wa Afrika Mashariki angekuwa mwanafunzi maisha yake yote, na mwanafunzi mwema.

Muyinga

Mji wa Muyinga una Kiswahili chake, cha sokoni na cha msikitini, na mtu wa pwani hapati taabu. Ramani ndiyo iliyonitatiza. Burundi ilikuwa na mikoa 18. Tangu 2025 imebaki na 5, na Muyinga pamoja na Cankuzo na Ruyigi sasa ni mkoa mmoja wa Buhumuza. Kila niliyemuuliza bado alisema Muyinga.

Kwenye kibanda cha chai nilikaa na mamotari wanne. Kwao pikipiki ni moto, dereva ni motari, leseni ni permi na kofia ngumu ni kasike. Kifaransa kimeingia barabarani na kuacha viatu mlangoni. Niliwaeleza kanuni ya mpwa wangu. Walisikiliza kwa adabu. Mkubwa wao, mwenye mvi mbili tatu, akauliza: "Na abiria wanampima wapi?"

Nikamwambia mwanafunzi wa huko haruhusiwi abiria.

"Sasa anajifunza kitu gani?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia, kwa kuwa swali lilikuwa zuri. Victoria, jimbo la mpwa wangu, mwanafunzi hapakizi mtu, na lazima avae kizibao cha rangi kali ili aonekane. New Zealand hapakizi. Uingereza hapakizi, na tangu mwisho wa 1990 hata kuingia barabarani peke yake haruhusiwi mpaka amemaliza mafunzo ya msingi. Huko kizibao ni cha anayejifunza. Huku kizibao ni cha aliyekwisha kufuzu, chenye namba mgongoni, na anayejifunza hana alama yoyote, utamjua akishakukanyaga.

Niliwasimulia pia habari ya Kenya, kwa sababu naona Wakenya wamekaribia swali la yule mzee kuliko sisi. Mwaka 2008 serikali yao iliziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizozidi cc 250, na bodaboda zikajaa hadi vijijini. Leo leseni zao zina A1 ya vipikipiki, A2 ya pikipiki ya kawaida, na A3 ya anayebeba abiria au vifurushi kwa malipo, pamoja na magurudumu matatu. Angalia A2 na A3: chombo kinaweza kuwa kilekile. Kinachotenganisha leseni ni kazi. Tanzania nasi tulitoa kanuni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, bodaboda akatambulika kisheria, lakini leseni yake ya udereva bado inahesabu cc.

Mzee wa mvi alimaliza chai yake. "Kenya wana akili," akasema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kama siri ya nyumbani, "lakini A3 yao wanaipimia tambarare au mlimani?" Hilo sikuwa na jibu lake.

Gasorwe

Huyu aliyenishusha mlimani nilimpata hapo Muyinga, kijana mkimya. Usiku ule, kwenye chumba cha kupanga chenye taa ya sola, nilifanya hesabu. Pikipiki 120. Motari, mwembamba, 60. Mimi 82, begi 10. Maharage 50. Jumla kilo 322. Kilowati 9 ni za kiwandani; Muyinga iko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mtu wa Tanga halijui hilo. Boxer ya kwetu Barabara ya Kumi na Mbili hupumua hewa nzito ya bahari. Kwa hiyo sema kilowati 7.5. Gawa: kama 23 kwa tani. Nilipoteremka mimi na begi langu zikabaki kilo 230, na jibu likapanda hadi karibu 33. Nikaandika kwa majivuno: "Hii ndiyo kanuni ya uwiano ya Gasorwe. Kilima ndicho kinachopima, na abiria ndiye anayetolewa kwenye hesabu."

Asubuhi nilimwonyesha motari daftari. Alilitazama, akatikisa kichwa. "Si nguvu, muzee. Nguvu iko. Mbele panakuwa pepesi."

Akanionyesha kwa mikono. Gunia liko nyuma ya ekseli ya nyuma. Abiria yuko juu ya ekseli. Pikipiki ikiinua pua kupanda, uzito wote unarudi nyuma, gurudumu la mbele linagusa ardhi kama kuku anayedonoa, na usukani haumtii tena mtu. Ukiongeza mafuta, unainuka. Ukiyapunguza, klachi inaungua. Ndiyo maana anamshusha abiria, na si gunia: abiria anajua kutembea, na gunia tayari limefungwa.

Nikarudia hesabu yangu, safari hii kwa unyenyekevu. Kupandisha kilo 322 kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kunadai kilowati zisizofika 2. Injini ilikuwa na zaidi ya 7. Kijana alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimekokotoa usiku kucha jibu la swali ambalo halikuulizwa. Hesabu ya kugawanya nguvu kwa uzito inajua uzito ni kiasi gani. Haijui umekaa wapi. Kwa mtu mmoja aliyekaa katikati ya MT-07, hilo si kosa kubwa. Hapa ndilo kila kitu.

Jioni nilikutana na mwanafunzi halisi. Gasorwe kuna kambi ya wakimbizi wa Kikongo tangu 2002, na Kiswahili cha Kivu kimesambaa hadi kwenye vibanda vya barabarani. Kijana wa miaka kumi na minane hivi alikuwa akijifunza pikipiki ya mjomba wake kwenye barabara ya vumbi inayoshuka bondeni. Mjomba alikuwa amekaa kwenye jiwe, anachonga kijiti kwa kisu, haangalii. Kijana alikuwa amefungiwa madumu mawili ya maji, lita 20 kila upande. Madumu hayakuwa na vifuniko.

Nilidhani wamevipoteza. Mjomba akanieleza bila kuinua macho: "Papa, kifuniko njo kinadanganya." Maji yakiwa wazi, kila breki ya ghafla yanamwagika mbele, kila klachi iliyoachiwa vibaya yanamwagika nyuma, kila kona iliyokatwa kwa pupa yanamwagika pembeni. Akirudi, mjomba anatazama alama kwenye dumu. Wiki ya kwanza dumu moja kila upande. Akizoea, mawili kila upande, lita 80, kilo 80: mtu mzima. "Siku akileta maji yote, ataleta mama wa mtu."

Nimeendesha vyombo miaka mingi, nimeona shule za udereva zenye feni na mabango ya alama za barabarani ukutani, na sijaona mtihani mzuri kama ule. Unapima jambo ambalo Melbourne hawalipimi kwa sababu wamelikataza, na ambalo sisi hatulipimi ingawa tumeliruhusu: namna ya kusimamisha kitu kisicho chako.

Nilimuuliza kijana kama ana permi. "Mi niko najifunza tu, papa. Permi ni franga mingi."

Wakaniachia nijaribu. Naandika haya kwa kuwa nimeahidi daftari lisidanganye. Nilianza vizuri, nikashuka hadi mtaro wa maji, nikageuza, na wakati wa kuanza kupanda nikaachia klachi kama ninavyoiachia Tanga, ambako ardhi ni kama meza. Injini ikazimika. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Nikabana breki ya mbele, gurudumu la mbele likateleza kwa vile halikuwa na uzito wowote juu yake, tukalala chini polepole, mimi, Boxer na lita 40 za maji ya kisima ambayo akina mama walikuwa wameyatolea jasho. Watoto walifurahi sana. Mjomba alinyanyuka kwa mara ya kwanza, akaja, akanyanyua pikipiki kwanza kisha mimi, akachungulia madumu: "Papa amekunywa yote." Nilinunua maji mengine.

Kupanda kuna aibu tu. Kushuka ndiko kunakoua. Miaka hii ya uhaba wa petroli, mamotari wengi wa Burundi wamejifunza kuteremka nyutro, wengine na injini imezimwa kabisa, ili tone la mafuta libaki kwa ajili ya mlima unaofuata. Ninawaelewa, nimeona foleni za magari kwenye vituo zikilala usiku. Lakini pikipiki iliyo kwenye gia hushikwa na injini yake, na iliyo nyutro hushikwa na breki shuu peke yake, ngoma mbili ndogo kuliko sahani ya chai. Kilo 322 zikiteremka mlima wa mita 100 zinadai breki zimeze moto wa kutosha kuchemsha karibu lita moja ya maji ya kisima. Mwanafunzi aliye peke yake juu ya chombo kilekile anadai kama nusu ya hapo. Hakuna kilowati yoyote kwenye hesabu hii. Injini imezimwa! Pikipiki isiyo na nguvu hata kidogo, ambayo kwa kanuni ya Ulaya ingepata sifuri na kupewa mtoto, ndiyo iliyo hatari kuliko zote kwenye kilima kile.

Wenzetu waliogopa farasi 50 chini ya kijana mmoja mwepesi, wakatunga sheria ya hofu hiyo, na ilikuwa sawa kwao. Hofu yetu ina umbo jingine: farasi 12, watu watatu, gunia, na teremko.

Gitega

Kwenda Gitega tulipitia Karuzi, barabara ya lami inayojipinda kati ya vilima na kuvuka Ruvubu. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, lakini bado una haya ya mji wa mkoa. Baiskeli za abiria zilinikumbusha kwetu, isipokuwa kwetu mwendesha baiskeli hakushushi mlimani kwa sababu mlima hakuna.

Mtu mwenye afya, akikanyaga kwa saa nzima, hutoa wati 100 hivi, moja ya kumi ya kilowati. Huyo na baiskeli na abiria ni kilo 150. Sitaki kugawa.

Niliuliza kwenye shule moja ya udereva kama mwanafunzi wa pikipiki hutahiniwa akiwa na mtu nyuma. Bwana wa mapokezi alinitazama kama nimemuuliza kama samaki hutahiniwa kuogelea. Nikamshukuru.

Bujumbura

Siku mbili baadaye niliteremka Bujumbura kwa njia ya Bugarama, na huko niliona kilichobaki kwenye kanuni ya uwiano. Vijana wa baiskeli huteremsha ndizi na makaa kutoka milimani, kilo mia na ushei, kwa mwendo unaokufanya ufumbe macho. Wakati wa kurudi hawakanyagi. Wanashika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, wanavutwa kilomita nyingi hadi juu. Wamekopa nguvu ya Wachina na Wajerumani na uzito wameacha sokoni. Ni kosa, ni hatari, wanakufa, na asubuhi wapo tena.

Mjini penyewe, serikali ilipochoshwa na ajali na msongamano, haikugusa cc wala kilo. Machi 2022 ilizuia pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji. Ulaya inapima nguvu, Kenya inapima kazi, Tanzania inapima injini, Bujumbura inapima mahali. Nikiulizwa na mtunga kanuni yeyote wa ukanda huu, nitamwambia aache hesabu ya kilowati kwenye vitabu vya watu wenye pikipiki za kilowati. Achukue kifungu kimoja tu cha wale wageni, kile kifupi kisicho na tarakimu: anayejifunza asipakie mtu. Kisha siku ya mtihani, kabla hajampa A3 au A au permi, amfungie madumu manne ya maji yasiyo na vifuniko, ampeleke kwenye kilima, amwambie apande, asimame katikati, aanze tena, ageuze, ashuke kwa gia. Maji yakibaki, apewe.

Nilimwandikia mpwa wangu haya yote. Alijibu baada ya siku moja, na picha: MT-07 imesimama mbele ya nyumba, safi, bango la L la manjano nyuma. Akaniandikia kwamba nikienda Melbourne atanizungusha mji mzima.

Nikamjibu kwamba kwa sheria yao haruhusiwi kunipakia, hata tambarare.

Yule motari wa Gasorwe nilimlipa nauli kamili. Theluthi moja ya njia niliitembea mwenyewe, na wala hakutaka kusikia habari ya kupunguza.